Binti wa mume wangu haachi kitanda cha taa

Mama Ushauri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, nina miaka 41, na huu ni mwaka wa tisa tangu niolewe huku Ujerumani, karibu na Hannover. Mume wangu alifiwa na mkewe wa kwanza akabaki na binti mmoja. Nilimkuta ana miaka 14, sasa ana 23, na tumepatana kuliko nilivyotarajia. Chapati zangu zilisaidia sana.

Tatizo letu ni solariamu. Kwa wasiozijua, ni maduka yenye vitanda vya taa kali. Mtu anavua nguo, analala ndani, anajifunika kwa kifuniko chenye taa, anapigwa miale kwa dakika kadhaa mpaka ngozi ibadilike rangi. Binti yetu alianza kwa ajili ya harusi ya rafiki yake. Ikawa mara moja kwa wiki, sasa ni karibu kila siku. Ana kadi za maduka mawili, kwa sababu lile la kwanza lilikataa kumpokea mara mbili kwa siku moja. Kwa asili ana nywele nyekundu na ngozi nyeupe yenye madoadoa, ile ambayo hata jua la hapa huiunguza. Sasa imekuwa ya rangi ya chungwa, kavu, na shingoni na kifuani imeanza kukunjamana.

Krismasi iliyopita maduka yote yalifungwa. Siku ya pili tu akawa mkali, halali, hataki watu, mikono inamtetemeka. Mimi nimekulia mtaa ambao vijana wanatumia unga, nikasema moyoni: hii ni arosto, yale mateso ya mtumiaji aliyekosa dawa. Kisha nikajikemea, maana arosto ya taa nani amewahi kuisikia?

Mwezi wa nane tulimpeleka Diani. Saa sita mchana yuko mchangani bila mafuta ya kukinga jua. Aliungua mpaka akatoka malengelenge, na kesho yake akarudi pale pale. Wahudumu wa hoteli wakacheka, wakasema sisi tunahangaika na mkorogo tuwe weupe, mwenzetu anajibabua awe mweusi. Nilicheka nao, lakini nilimkumbuka binamu yangu aliyeko Mombasa, ambaye mkorogo umemharibia uso na kila akijaribu kuuacha anaurudia.

Nilipomgusia binti, alinijibu: "Wewe umezaliwa na rangi hiyo. Huwezi kunielewa." Baba yake anasema ni ujana, utapita, na yeye ndiye anayemwongezea pesa zikimwishia. Nami nikisema sana nitaambiwa ndio umama wa kambo.

La mwisho. Kwenye shavu la mguu ana kidoa cheusi nilichokizoea, kidogo tu. Juzi nimekiona kimetanuka, na upande mmoja umeingia rangi ya bluu. Anasema ni kwa sababu ngozi yote imeiva.

Huu ni ugonjwa au ni urembo? Na nianzie wapi bila kuivunja nyumba?

Mama wa kambo, Hannover

*

Marahaba, mwanangu.

Jambo kubwa umelitia mkiani, nami ndilo nitakaloanza nalo. Kidoa hicho kionwe na daktari wa ngozi wiki hii, na mengine yote niliyoandika hapa chini yanaweza kusubiri.

Madaktari wakitazama kidoa huuliza mambo machache: nusu zake mbili zinafanana? Kingo zake zimenyooka au zimechakaa? Kina rangi moja au kadhaa? Kimezidi upana wa milimita 6? Kimebadilika? Wewe umeniandikia kwamba kimetanuka na kimeingia rangi ya pili. Kubadilika peke yake kunatosha kumpeleka mtu hospitali. Tena shavu la mguu ni mojawapo ya sehemu ambazo saratani iitwayo melanoma hupenda kuwatokea wanawake. Sisemi kwamba anayo. Vidoa vingi vinavyotiliwa shaka hukatwa, vikapelekwa maabara na kukutwa salama. Ila melanoma hupimwa kwa kina chake ndani ya ngozi, kwa milimita na sehemu za milimita. Ikikatwa ingali juu juu, karibu kila mgonjwa hupona. Ikishazama, husafiri mwilini. Ndiyo maana siku chache zina thamani hapa.

Binti anaweza kukwambia kwamba huko Ujerumani bima ya serikali hulipia ukaguzi wa ngozi kuanzia miaka 35, kila baada ya miaka miwili, na yeye bado. Ni kweli, lakini huo ni ukaguzi wa mtu asiye na dalili. Kidoa kinachobadilika hutazamwa kwa umri wowote. Najua pia kwamba miadi ya daktari wa ngozi huko inaweza kuchukua wiki nyingi, kwa hiyo pitieni kwanza kwa daktari wenu wa familia. Akikiona na kumpigia simu mwenzake mwenyewe, foleni hufupika.

Na wewe mwenyewe una miaka 41, ukaguzi huo ni haki yako na sidhani kama umewahi kuutumia. Utumie sasa. Mwambie binti, "Nakwenda kwa daktari nikaombe nikaguliwe ngozi, nisindikize, na mguu wako nao utazamwe." Si hila, maana unauhitaji kweli. Watu wetu wengi wanaamini saratani ya ngozi haiwajui weusi. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, na melanoma yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwetu sisi hupenda maficho kama hayo, nyayo na viganja na kucha, na kisababishi chake huko kwa kawaida si jua. Kwa hiyo vua soksi mbele ya daktari.

Sasa swali lako. Ulivyojikemea kuhusu arosto ndivyo usingefanya. Hukukosea.

Miale ya urujuanimno, yaani ile ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo vitanda hivyo huitoa, inapoipiga ngozi huharibu chembe zake. Ngozi hujihami kwa kutengeneza protini moja kubwa ambayo hukatwa vipande. Kipande kimoja huamuru rangi itengenezwe, na hapo ndipo mtu "huiva". Kipande kingine ni beta-endofini, ambayo ni jamaa ya afyuni iliyotengenezwa na mwili wenyewe. Rangi na raha, basi, hutoka kwenye jeraha lile lile. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwanyoa panya migongo, wakawaangazia miale hiyo kwa wiki kadhaa, kisha wakawapa dawa inayoziba milango ya afyuni mwilini. Panya wakatetemeka na kugongesha meno, kama mtumia unga aliyekatiwa ghafla.

Kwa binadamu ushahidi ni mdogo zaidi, lakini upo. Mwaka 2004 watu waliozoea vitanda hivi walilazwa kwa zamu kwenye vitanda viwili vinavyofanana, kimoja kina miale, kingine kimezuiwa, nao hawakuambiwa kipi ni kipi. Walipopewa nafasi ya kuchagua, karibu wote walikwenda kwenye kile chenye miale. Mwili ulikijua. Miaka miwili baadaye watu wanane wenye mazoea makubwa walipewa naltreksoni, dawa inayoziba afyuni. Nusu yao walipata kichefuchefu au mitetemo, na wale wanaokwenda mara chache hawakupata kitu.

Katika vitabu rasmi vya magonjwa ya akili, uraibu huu haujaandikwa kwa jina lake. Daktari asiyeufuatilia anaweza kukucheka. Wanaoufuatilia huuliza maswali manne yaliyoazimwa kwenye ulevi wa pombe. Umejaribu kupunguza ukashindwa? Unakasirika ukiambiwa uache? Unajuta kwamba unakwenda mno? Ukiamka asubuhi, jambo hili ndilo la kwanza kulitamani? "Ndiyo" mbili zinatosha kumfanya daktari akae kitako. Wa kwako anayo moja ninayoiona mimi kutoka mbali, ile ya kukasirika, na kadi ya duka la pili ni ya pili kwangu, ingawa haimo kwenye maswali.

Kuna jambo la Diani nataka ulijue kwa sababu litakusaidia ukizungumza naye. Sheria ya Ujerumani imeweka kikomo cha nguvu ya taa hizo, wati 0.3 kwa kila mita ya mraba, ikipimwa kwa uwezo wake wa kuunguza ngozi. Ni sawa na kipimo cha 12 katika kiwango cha jua kinachotangazwa na watu wa hali ya hewa. Hilo ndilo jua la saa sita mchana kwenye ikweta. Yaani Januari, theluji nje, yeye analala chini ya jua la Mombasa, tena akiwa uchi na sentimita chache kutoka kwenye taa. Na ile sehemu ya miale inayozama ndani zaidi, inayokata nyuzi za ngozi na kuikunja, vitandani inaweza kuwa nyingi kuliko ile ya jua. Shingo uliyoiona ikikunjamana inatokana na hiyo.

Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vitanda hivi mwaka 2009 kwenye kundi la juu kabisa la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Anayeanza kabla ya miaka 35 huongeza hatari ya melanoma kwa zaidi ya nusu. Mwaka huo huo Brazil ilipiga marufuku biashara hiyo yote. Australia ilifuata, majimbo mengi kuanzia Januari 2015. Ujerumani mwaka 2009 iliwakataza walio chini ya miaka 18 tu. Wahudumu wa maduka wanatakiwa kuwa na mafunzo, na watu wenye ngozi kama ya binti yako wanatakiwa kuambiwa wasitumie kabisa. Anayeishi kwa kuuza dakika, sikutegemei umwachie kazi ya kumzuia mteja.

Hata hivyo usimpelekee takwimu hizi mezani. Mtu wa miaka 23 ukimwambia atakufa na saratani, anakuona unazungumzia bibi yake. Waliochunguza namna ya kuwapunguza vijana wameona kwamba habari za sura ya mtu, makunyanzi na madoa, huwagusa kuliko habari za kaburi. Na kabla ya hata hizo, msikilize. Lile neno lake lililokuchoma, kwamba umezaliwa na rangi hiyo, limesema mengi kuliko alivyokusudia. Ndani yake amekwambia kwamba anajiona na upungufu. Mwache alifafanue. Ungemwambia hivi: "Ni kweli, sijui kuishi katika ngozi yako. Nieleze ukitoka kule unajisikiaje, na usipokwenda inakuwaje." Kisha nyamaza. Najua ni vigumu kwa mwanamke wa Likoni, lakini nyamaza.

Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha njia, maana watu hukimbilia kitanda kile kwa sababu tofauti na tiba hutofautiana.

Akisema ni rangi tu, basi ana njia nyepesi. Kuna losheni na dawa za kupulizia zinazopaka rangi tabaka la juu lililokufa la ngozi. Hudumu siku tano, sita, hutoka. Hazimkingi na jua, kwa hiyo akitoka nje kiangazi bado apake mafuta. Ila jihadharini na sindano na dawa za kunusa zinazouzwa mtandaoni kwa jina la Melanotan. Haziruhusiwi kama dawa ya kujibadilisha rangi, na hakuna ajuaye kilichomo chupani.

Akisema ni raha, ni kutulia, ni dakika ambazo kichwa kinanyamaza, losheni haitamsaidia chochote. Hapo ndipo uraibu ulipo.

Akisema ni kiza cha baridi, kwamba Novemba ikiingia anazama na kitanda ndicho kinachomwinua, huenda ana sonona ya msimu. Wengi wetu tuliowahi kuishi huko tunaifahamu kwa mwili. Tiba yake ni taa nyingine kabisa, yenye mwanga mweupe wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) usio na miale ya urujuanimno. Mtu huketi mbele yake asubuhi kama nusu saa akinywa chai. Hufanya kazi kupitia macho, wakati kwenye solariamu macho hufunikwa, hivyo kitanda hakiwezi kuchukua nafasi yake. Asikudanganye na vitamini D pia. Vidonge vyake ni bei rahisi, na daktari anaweza kuipima.

Na akisema hata akiwa wa chungwa hivyo bado anajiona kama karatasi, akitazama kioo kutwa, akifuta kila picha, akikataa wageni, hiyo inaweza kuwa hali ya kuuona mwili wako vibaya usivyo. Usibishane naye kuhusu rangi yake, hutashinda. Hali hiyo hutibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu na mara nyingine kwa dawa za sonona, na inahitaji mtaalamu mapema kwa kuwa huwatia watu mawazo ya kujiua. Akiwahi kutamka kwamba hataki kuishi, hapo hakuna kusubiri miadi: piga 112.

Kuhusu uraibu wenyewe, hakuna kidonge kilichoidhinishwa. Ile naltreksoni niliyoitaja ilitumika kwenye majaribio, si dawa ya kwenda kuomba dukani. Kinachotumika ni tiba ya mazungumzo. Mwanasaikolojia kwanza humsaidia mtu apime mwenyewe anachopata na anachopoteza, bila kumsukuma. Halafu hufukua vichocheo: ni ugomvi kazini? Ni Ijumaa jioni? Ni yale mafuta ya nazi yanayonukia dukani? Kila kichocheo hutafutiwa kitu cha kufanya badala ya kwenda kule. Namba 116117 mnayoijua kwa madaktari wa zamu huko Ujerumani hutafuta pia miadi ya kwanza ya mwanasaikolojia. Baada ya hiyo ya kwanza mtasubiri, na si muda mfupi, kwa hiyo pigeni mapema hata kama binti bado anasitasita. Ni yeye mwenye kukubali, maana ni mtu mzima.

Wakati mnasubiri, kama hawezi kuacha kwa mara moja, afute duka la pili. Kisha aache kulipa kwa mwezi, alipe kila anapokwenda, maana kadi ya mwezi humfanya mtu aone hasara asipoitumia. Siku zipungue. Hakuna idadi ya salama, sikupi hata moja, lakini kutoka kila siku hadi mara mbili kwa wiki ni mwendo. Wiki za mwanzo atakuwa mkali tena kama Krismasi. Sasa unajua ni nini, usiuchukue ukali huo kama dharau kwako. Joto lenyewe, kama ndilo analolipenda, linapatikana kwenye sauna au kwenye beseni la maji moto bila miale.

Kwa mumeo nina maneno machache. Anayoyaita ujana yana kidoa kilichobadilika rangi. Aongozane nanyi kwa daktari, asikie mwenyewe. Na pesa anazomwongezea binti, azilipe moja kwa moja pale zinapokwenda, iwe kodi, iwe tiketi ya treni, bila makelele na bila kumwita mlevi. Hili lifanywe na baba, si wewe. Ukilifanya wewe, ule umama wa kambo unaouogopa utakuwa umejipatia ushahidi.

Nimebaki na binamu yako. Wahudumu wa Diani walipowaweka mkorogo na kitanda cha taa pamoja walikuwa wanatania, ila walikaribia ukweli. Creamu nyingi za kujichubua zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe, zisizotajwa kwenye kopo. Ngozi ikishazizoea, siku ukiziacha huwaka: nyekundu, inachoma, vipele juu ya vipele. Mtu akiona hivyo huamini bila creamu ngozi yake imeoza, anairudia. Hakosi msimamo. Asiache ghafla peke yake, hasa kama anapaka mwili mzima kwa miaka, maana steroidi nyingi zinaweza kuwa zimezilaza tezi zinazotengeneza homoni yake mwenyewe, na kukatiza ghafla kukamwangusha. Aende kwa daktari wa ngozi akiwa na kopo lenyewe mkononi, apunguziwe kwa mpango. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo. Huko Nairobi, mwaka 1972, madaktari waliandika kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wenye ugonjwa fulani wa figo walikuwa wakitumia creamu za kujichubua. Kwa hiyo aombe mkojo wake upimwe protini siku hiyo hiyo, na kama amevimba miguu au uso asubuhi, asingojee siku ya kliniki.